Ziwa la Mwezi Gani? Kumaliza Tasnifu ya Usanifu wa Mandhari Kyela

Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba unasoma usanifu wa mandhari, atakuuliza utafungua lini kitalu cha maua. Hata hapa chuoni wapo wanaoamini kwamba wenzetu hawa wanafundishwa kukata majani na kupaka chokaa mawe ya kando ya njia. Fani hii inafundishwa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na kwa majirani zetu Kenya iko JKUAT. Kazi yake ni kupanga ardhi iliyo nje ya kuta za majengo: maji yapite wapi, watu wapite wapi, nini kioteshwe na nini kiachwe kilivyo. Mwaka wa mwisho mwanafunzi anatakiwa kuonesha kwamba anaweza kufanya hayo yote kwenye eneo moja halisi, kwa maandishi na kwa michoro, halafu asimame mbele ya jopo alitetee. Hiyo ndiyo tasnifu, au kama tunavyoiita mabwenini, diseteshini.

Mimi nasoma ualimu, jiografia na Kiswahili. Naandika haya kwa sababu kwetu ni Kyela, na rafiki yangu wa fani hiyo alipochagua ufukwe wa Ziwa Nyasa nilikwenda naye kama mkalimani na mshika mpira. Ni mpira gani, nitaeleza. Niliyoyaona kule yanamhusu yeyote anayeandika kazi inayogusa ardhi: wa mipango miji, wa mazingira, wa kilimo, na sisi wa jiografia ambao mara nyingi tunaichora Kyela ubaoni bila kuikanyaga.

Tuanze na mahali penyewe. Uso wa Ziwa Nyasa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake Mlima Rungwe unafika karibu mita 2,960, na mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta hadi Matema. Mvua inayonyesha huko juu inateremka kwa kasi, halafu ghafla inakuta ardhi bapa. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inaishiwa nguvu hapo. Inautua mchanga na tope iliyobeba, kitanda cha mto kinainuka, kingo zinapasuka, na maji yanatafuta njia nyingine. Songwe umehamahama kiasi kwamba mpaka wetu na Malawi, unaofuata mto huo, umelazimu serikali zote mbili zikae pamoja kuushughulikia. Na tope hilohilo linalobomoa vibanda ndilo linalotupa mchele wa Kyela, ule ambao ukipikwa chumba cha tatu wa chumba cha kwanza anajua. Kwa hiyo mafuriko ya Kyela hayafanani na ajali ya basi. Ndivyo uwanda huu ulivyojengwa na ndivyo unavyoendelea kujengwa. Proposo inayoanza na sentensi "mafuriko ni tatizo linalopaswa kukomeshwa" imeingilia dirishani.

Ziwa nalo lina tabia yake. Mito mingi inaingia, lakini unaotoka ni mmoja tu, Shire, kule kusini kabisa nchini Malawi. Kwa hiyo maji yakishaingia hayaondoki haraka. Kila mwaka uso wa ziwa hupanda na kushuka kwa karibu mita 1: unafika kilele karibu na Mei baada ya mvua, unashuka hadi chini kabisa mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili. Ukitazama miaka mingi tofauti ni kubwa zaidi. Mwaka 1915 ziwa lilikuwa limeshuka mno, hata Shire ukaacha kutoka ziwani kwa takribani miaka 20. Mwaka 1980 lilipanda sana. Kati ya miaka hiyo miwili tofauti ya kimo ni zaidi ya mita 6, yaani nyumba ya ghorofa mbili.

Sasa chukua almanaka ya chuo uiweke juu ya almanaka ya ziwa. Masomo yanaanza Oktoba au Novemba, yanaisha Julai. Likizo ndefu ni Agosti hadi Oktoba, na huo ndio muda ambao mwanafunzi ana nafasi ya kwenda fildi. Anafika Kyela jua linawaka, barabara ya Ipinda inapitika, ufukwe wa Matema umetanuka mweupe, watoto wanacheza mpira mahali ambapo Aprili kulikuwa na samaki. Anapiga picha, anapima, anarudi chuoni. Mvua zinaanza Novemba, zinakolea Machi na Aprili, na wakati huo yeye amefungiwa studio anachora bustani juu ya picha za Septemba. Akitetea kazi yake Julai, ziwa ndiyo kwanza linaanza kushuka. Mtu anaweza kupata fasti klasi kwa kusanifu sehemu ambayo hajawahi kuiona miezi sita kati ya kumi na miwili.

Hili ndilo jambo moja ninalotaka wenzangu walichukue, na mengine yote yanafuata humo: kabla hujaandika ukurasa wa kwanza, hakikisha una njia ya kuupata mwezi wa Aprili ukiwa Dar es Salaam.

Njia aliyotumia rafiki yangu ni ya bei rahisi. Septemba alichimbia vigingi vitano kwenye mstari ulionyooka kutoka majini kwenda nchi kavu, kila kigingi kimepakwa rangi nyekundu na nyeupe kila sentimita 10. Akaelewana na kijana mmoja wa pale mwaloni kwamba kila Jumapili apige picha ya vigingi akiwa amesimama palepale, kwenye jiwe walilokubaliana, na kuituma WhatsApp. Malipo yalikuwa vocha. Kufikia Mei alikuwa na picha za majuma zaidi ya 30 zinazoonesha maji yakipanda rangi kwa rangi, na kigingi kimoja kilichong'olewa na ng'ombe. Hakuna programu ya kompyuta ambayo ingempa hayo. Supavaiza wake, ambaye mwanzoni alitaka picha za setilaiti tu, alizibandika picha hizo ukutani.

Nakiri picha za setilaiti zina kazi yake, lakini kwa uwanda kama huu zina mpaka. Ramani zetu za 1:50,000 zina mistari ya kimo inayopishana kwa mita 20. Mita 20 Kyela ni kijiji kizima na mashamba yake, na hakuna mstari hata mmoja uliopita katikati. Data za kimo za bure za intaneti nazo zinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Wakati ambapo sentimita 50 ndiyo tofauti kati ya jiko kavu na jiko lenye kambale, data hizo hazikufikishi.

Ndipo unapokuja mpira. Mafundi ujenzi wanaujua: mpira mwembamba unaoonesha ndani, urefu unaozidi mita 20, umejazwa maji, bila kiputo cha hewa. Mtu mmoja anashika ncha moja kwenye fimbo yenye vipimo, mwingine ncha ya pili kwenye fimbo kama hiyo mita 20 mbele. Maji yakitulia, pande zote mbili yako kwenye usawa mmoja. Fimbo ya kwanza ikisoma sentimita 120 na ya pili 110, ardhi imepanda sentimita 10. Unaandika, unasogea, unarudia. Siku nzima juani, mtu anashika mpira na watoto wanauliza kama mnatafuta dhahabu. Jioni una mkato wa ardhi ambao hakuna ofisi inayouza.

Na mkato huo ukishaupata, ndipo tasnifu inapopata meno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ufukwe wa ziwa au kingo za mto. Kila proposo ya fukwe inainukuu, inachora mstari, inapaka kijani, basi. Lakini mita 60 kutoka wapi? Tuseme ufukwe wako unapanda sentimita 10 kila mita 20. Ukianza kupima kwenye ukingo wa maji wa Desemba, mita 60 zako zimepanda sentimita 30 tu. Ziwa linapopanda mita 1 hadi Mei, ukingo wa maji unasogea mita 200 kuja nchi kavu. Ukanda wako wote wa hifadhi uko chini ya maji, pamoja na mita 140 nyingine zaidi ya mstari ulioambiwa unaweza kujenga. Kwenye ufukwe wenye mteremko mkali hesabu inakuwa nyingine kabisa, na kwa kuwa pwani ya Kyela ina aina zote mbili, bapa kuelekea midomo ya mito na mikali chini ya Livingstone, hesabu moja haifai kwote. Hapo una swali la utafiti. Si lazima uwe na jawabu la nchi nzima. Jawabu la mita 400 za ufukwe mmoja linatosha shahada ya kwanza na linabaki na kazi.

Nimesema mita 400 kwa makusudi. Nimeona vichwa vya tasnifu kama "Uendelezaji wa Mwambao wa Ziwa Nyasa". Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 580 na nchi tatu. Mwanafunzi mwenye bumu la miezi miwili hauendelezi mwambao huo. Kipimo kizuri ni hiki: eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na ukamsalimia kila mtu mwenye shughuli humo.

Kusalimia nako ni sehemu ya mbinu za utafiti, ingawa sura ya tatu haina nafasi yake. Barua ya utambulisho kutoka chuo inaanzia juu: mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Tenga juma zima kwa ajili ya mihuri, na usijaribu kuruka ngazi hata kama mwenyekiti ni mjomba wako. Lakini muhuri unakufungulia ofisi tu. Rafiki yangu alijifunza kusema "ugonile" kabla hajawasha GPS, na "ndaga fijo" kabla ya kufunga daftari. Nikamkumbusha pia kwamba kwa wazee shikamoo inakuja kwanza na hojaji baadaye sana, ikiwezekana baada ya kukaa chini.

Swali lake la kwanza kwa bibi mmoja aliyekuwa anaanika usipa lilikuwa la kitabuni: "Bibi, ziwa linaishia wapi hapa?" Nikalitafsiri. Bibi akamtazama, akanigeukia mimi.

"Mwanangu, huyu mwenzio anauliza ziwa la mwezi gani?"

Halafu akainuka, akatuonesha mwembe wenye alama ya tope usawa wa kiuno, akatuambia ni mwaka aliozaliwa mjukuu wake yupi. Alama za namna hiyo zipo nyingi ukiziuliza: kwenye kuta za matofali, kwenye nguzo za kanisa, kwenye shina la mnazi. Kazi yako ni kuzipima kwa mpira uleule na kuzipatia mwaka kwa kuoanisha matukio: mtoto gani alizaliwa, mwalimu gani alihamia, kivuko gani kilichukuliwa na maji. Hiyo ni data. Iandike kwenye jedwali kama unavyoandika namba nyingine, usiitupe kwenye kiambatisho kwa jina la "maoni ya wananchi".

Mapitio ya maandiko yana mtego wake. Wengi wanajaza kurasa kwa Olmsted na bustani ya Central Park, na kwa mifano ya kulinganisha wanachukua High Line ya New York kwa sababu picha zake ni nzuri. Reli ya zamani iliyoinuliwa juu ya barabara itakufundisha nini kuhusu mto unaohama? Ukitaka mfano wa karibu, chukua bonde la Msimbazi pale Dar es Salaam, ambako baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walihamishiwa Mabwepande na hadi leo bonde linabishaniwa kwa michoro. Kwa mbinu, msome Ian McHarg, ambaye kitabu chake cha 1969, Design with Nature, kilieneza utaratibu wa kuchora kila jambo kwenye karatasi yake inayopitisha mwanga (maji, udongo, mimea, njia) na kuzipandanisha uone panapogongana. Mimi ningeongeza jambo moja kwenye karatasi za McHarg: kwa Kyela, karatasi ya maji ziwe mbili, ya Mei na ya Desemba.

Na usisahau walioandika kuhusu Unyakyusa wenyewe. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akachapisha Good Company, kuhusu vijiji vya rika. Vijana wa kiume walikuwa wanatoka kwa baba zao wangali wadogo, wanajenga vibanda vyao pembeni, na baadaye wanaoa na kijiji kinakuwa chao. Kila kizazi kiligawiwa ardhi upya. Maana yake mandhari haya unayoyaita "ya asili" yalikuwa yanapangwa, kwa utaratibu na kwa sherehe, zamani kabla ya mtu kuleta karatasi ya A1. Ila kitabu hicho kisikupoteze: Kyela ya leo ina kakao, michikichi, bodaboda na mpaka wa Kasumulu. Kitumie kuuliza maswali, usikitumie kujibu.

Tukifika kwenye michoro ndipo wengi wanapoharibikiwa, maana kompyuta inashawishi. Inakupa minazi iliyopangwa mistari, njia ya vigae, watalii wenye kofia. Ufukwe wa Matema unapendeza na wageni wanakuja, sibishi. Lakini Jumamosi pale Lyulilo, karibu na Matema, kuna soko la vyungu. Vinafinyangwa na akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe na vinafika kwa mitumbwi. Mtumbwi uliojaa vyungu unahitaji mchanga unaoteremka taratibu ili upande bila kugonga. Vyungu vinahitaji sehemu ya kutandazwa. Usipa unahitaji jua na upepo. Ukijenga ukuta wa mawe kuzuia mawimbi, umefuta soko zima kwa mstari mmoja wa kalamu, na kwenye mchoro wako hakuna atakayeona kilichofutwa kwa sababu hukukichora mwanzoni.

Rafiki yangu aliishia na usanifu ambao jopo lingeweza kuuona hauna kitu. Karibu na maji hakuweka jengo lolote, ila vichanja vya usipa vinavyobebeka na kuhamishwa maji yakija. Nyuma yake matete yaliyokuwepo yakaachwa, na mikindu ikaongezwa kwenye midomo ya vijito. Juu zaidi, mianzi kushika kingo, mmea ambao Wanyakyusa wameujengea nyumba tangu zamani na kila mtu anajua kuukata. Vitu vya kudumu, yaani choo, kisima na banda la soko, vikapanda hadi nyuma ya alama ya tope ya yule bibi, kwenye migomba na kakao. Njia kutoka banda hadi majini ikawa mchanga mtupu wenye nguzo za kuonesha njia, ndefu Desemba na fupi Mei. Mchoro mkuu ukawa miwili, ukubwa mmoja, kimo kimoja, miezi miwili tofauti.

Kwenye utetezi aliulizwa swali ambalo ningependa kila mmoja wetu ajiandae nalo: "Sasa wewe umesanifu nini hapa?" Hakutaja McHarg. Alibandika picha za vigingi, ya Desemba hadi ya Mei, chini yake akabandika mkato wa ardhi, akaonesha mahali mstari wa mita 60 unapozama na mahali alipousogeza. Ilimchukua dakika nne. Waliobaki na maswali waliuliza kuhusu choo, na choo alikuwa amekipigia hesabu.

Kuhusu kuandika kwenyewe sina mengi ya kusema, maana kila idara ina mwongozo wake wa pambizo na fonti. Ila andika sura ya uchambuzi wa eneo kwanza, ukiwa bado na mchanga kwenye viatu, na utangulizi uandike mwisho. Hifadhi nakala mahali patatu. Jedwali la alama za tope lipigwe picha siku hiyohiyo, daftari likiloa limekwenda.

Na nakala moja irudi kijijini. Si lazima kitabu kizima cha Kiingereza. Karatasi mbili za A1 zinatosha, ile michoro ya Mei na Desemba, maelezo kwa Kiswahili, majina ya vijito kama wenyeji wanavyoyaita. Mtendaji anaweza kuibandika ukutani na watu wakabishana nayo wakisubiri huduma. Tengeneza bajeti yake tangu proposo, pamoja na nauli ya Dar es Salaam hadi Kyela mjini na hela ya bodaboda kutoka Ipinda. Na uipige lamini pande zote mbili, maana unyevu wa Kyela mwezi wa nne unakula karatasi kama mchwa.